Gari Kubwa Lilale Tambarare

Ukitoka Taveta na kuvuka mpaka wa Holili, haichukui muda kufika Himo, na Himo ndipo mwenye gari la kulala hulazimika kuamua. Akikata kulia, lami inampandisha Marangu katikati ya migomba na kahawa hadi lango la Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro. Akinyoosha, anapita Njiapanda na kuingia Moshi. Ramani inamvuta kulia: amesafiri maelfu ya kilomita kwa ajili ya mlima, lango la mlima liko juu, basi kambi ya kufaa ni ile iliyo karibu zaidi na lango. Hoja yangu ni kwamba kwa gari kubwa, hesabu hiyo imekosewa tangu mwanzo. Gari la aina hiyo lapaswa kulala tambarare, katika ukanda wa chini unaoanzia Holili, kupita Himo na Moshi hadi Boma Ng'ombe, na mwenyewe apande mlimani kwa daladala, kwa Noah ya kukodi au kwa miguu. Nasema hivyo kwa faida yake, lakini zaidi kwa faida ya watu ambao barabara anayotaka kuipanda inapita mlangoni kwao.

Tuelewane kwanza kuhusu gari lenyewe. Land Cruiser yenye hema juu ya paa haimo katika mjadala huu. Hiyo hupita karibu popote na kugeuka hata uani kwa mtu. Nazungumzia malori ya watalii yanayobeba watu ishirini na zaidi kutoka Nairobi kuelekea Cape Town, malori ya zamani ya kijeshi yaliyogeuzwa nyumba huko Ulaya na kuletwa kwa meli, na karavani za kukokotwa. Gari kama hilo lina urefu wa mita nane, kumi au zaidi, kimo cha mita tatu na nusu, uzito wa tani kumi na kuendelea. Ndani mna vitanda, jiko, tangi la maji, bafu na choo. Ni nyumba, na nyumba huhitaji kiwanja kilicho sawa, maji ya kuingia na mahali pa maji ya kutoka. Kwenye miteremko ya Kilimanjaro, la kwanza ni adimu, la pili lina wenyewe, na la tatu karibu halipo.

Watalii wengi wenye magari huja na picha ya hifadhi waliyoipata Serengeti au Mikumi. Kule gari ndilo linalokuingiza: unalipia langoni, unaendesha hadi Seronera, unalala kwenye kambi ya umma ndani ya mbuga. Kilimanjaro haiko hivyo. Hifadhi hii, iliyotangazwa mwaka 1973, kufunguliwa kwa wageni mwaka 1977 na kuingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 1987, ni hifadhi ya miguu. Kambi zake ni za mahema, na katika njia ya Marangu ni vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo. Njia ya gari inayopandisha uwanda wa Shira kutokea Londorossi ipo, lakini si mahali pa kuegesha nyumba. Na gharama si ndogo: kwa miaka mingi mgeni asiye mkazi amekuwa akilipa dola 70 kwa siku kama kiingilio na dola 50 kwa usiku wa kambi, kabla ya kodi. Anayelipa hivyo analipia njia, hema na kilele cha mita 5,895. Gari lake halina nafasi katika malipo hayo wala katika safari hiyo. Kazi ya kambi yake, kwa hiyo, ni tofauti kabisa na ile ya Serengeti. Ni mahali ambapo nyumba yake itakaa peke yake siku tano, sita, hata nane, wakati yeye yuko juu.

Hapo ndipo jiografia ya mlima inapoamua mambo. Anayepanda kwa njia ya Machame hashuki Machame, anashukia Mweka. Vivyo hivyo aliyeanzia Umbwe au Lemosho. Aliyeanzia Rongai, upande wa kaskazini karibu na mpaka wa Kenya, kwa kawaida hushukia Marangu. Ni njia ya Marangu tu inayokurudisha langoni ulikoanzia. Na barabara za miteremko hii zimefuata migongo ya mlima, kutoka chini kwenda juu, kwa sababu kati ya mgongo na mgongo kuna mabonde makali yaliyochimbwa na mito. Barabara za kukatiza kutoka mgongo mmoja hadi mwingine zipo, lakini ni nyembamba, nyingi ni za udongo, na madaraja yake hayakujengwa kwa ajili ya tani kumi na tano. Kutoka Machame kwenda Mweka kwa gari la maana, unashuka hadi barabara kuu, unaingia Moshi, unapanda tena. Moshi ndipo njia zote zinapokutana. Aliyeacha gari lake Moshi analifikia kirahisi atokapo lango lolote. Aliyeliacha Machame atatoka Mweka akiwa amechoka, magoti yakimuuma, na gari liko mgongo mwingine wa mlima.

Lakini hata kama hapandi kileleni, hata kama anataka tu kulala siku tatu kwenye ubaridi na kuona maporomoko ya maji, bado nasema asilipandishe gari. Kinachoonekana kwenye ramani kama eneo la kijani kati ya mji na hifadhi ni makazi. Ni vihamba. Kihamba cha Mchagga ni nyumba, makaburi ya wazee, migomba, kahawa chini ya migomba, miringaringa juu ya vyote, na mbuzi au ng'ombe wa ndani, vyote katika kipande ambacho mara nyingi hakifiki hekta moja kwa sababu kimegawanywa kwa wana kizazi baada ya kizazi. Mwaka 2011 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa liliitambua Shimbwe Juu, katika Uru, kuwa urithi wa kilimo wa dunia kwa sababu ya mfumo huu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,861,934 katika mkoa wa Kilimanjaro, na sehemu kubwa yao imejibana katika ukanda huo wa kahawa na migomba. Juu yake, msitu uliunganishwa na hifadhi mwaka 2005. Hata ule ukanda wa nusu maili, uliotengwa mwaka 1941 ili wananchi wapate kuni na majani ya mifugo, umekuwa chanzo cha malalamiko ya muda mrefu kati ya vijiji na wahifadhi. Kati ya kihamba na msitu hakuna ardhi isiyo na mwenyewe ambapo mgeni anaweza kusogea pembeni na kufungua kiti chake.

Barabara zenyewe zinasema hivyo hivyo. Lami ya Machame na ya Marangu ni nzuri, lakini ni nyembamba, ina kona na miteremko mirefu, na pembeni yake wanapita wanafunzi, kina mama wenye mikungu ya ndizi na bodaboda. Ukiiacha lami kwa mita mia tu, unakutana na kingo za udongo, matawi yaliyoinama na nyaya za umeme zilizovutwa kutoka nguzo hadi nyumba kwa kimo kilichokusudiwa kwa pikapu. Ukikata waya ule, umeizimia familia taa. Mvua za masika, Machi hadi Mei, huugeuza udongo mwekundu wa volkano kuwa utelezi ambao hata gari lenye nguvu kwenye magurudumu yote huteleza nao kwa ubavu hadi kwenye mfereji. Na kushuka kuna hatari kuliko kupanda: lango la Marangu liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari na barabara kuu iko takriban mita elfu moja chini yake, kwa mwendo usiofika kilomita thelathini. Dereva asiyejua kushuka kwa gia ndogo, akakanyaga breki njia nzima, atafika soko la Marangu Mtoni breki zimechemka. Wiki ya Krismasi mambo huwa magumu zaidi. Wachagga kutoka Dar es Salaam, Arusha, Mwanza na ng'ambo hurudi nyumbani, na barabara za Kibosho, Rombo na Marangu hujaa magari pande zote mbili. Wiki hiyo hakuna sababu yoyote nzuri ya kuongeza lori la mita kumi.

Yote hayo, hata hivyo, yanaweza kurekebishwa kwa dereva mzuri na subira. Suala la maji halirekebishwi hivyo, na kwangu ndilo zito kuliko yote. Miteremko ya kusini ya Kilimanjaro hupata katika ukanda wa msitu mvua inayozidi milimita 2,000 kwa mwaka, na kwa karne kadhaa Wachagga wameyachota maji hayo kutoka mabonde ya mito kwa mifereji iliyochimbwa kwa kufuata kontua, mifereji iliyowastaajabisha wageni wa Ulaya waliofika huko katika karne ya 19. Mfereji una ukoo au kamati, una zamu za maji, una siku za kuufukua. Maji yaliyopita kwa jirani wa juu saa tatu asubuhi yanafika kwa jirani wa chini saa nne, na huko yatanyweshwa ng'ombe, yatamwagiliwa mboga, na kwingine yatatumika nyumbani. Sasa weka hapo juu lori lenye watu ishirini. Tukadirie kila mmoja anatumia lita 25 tu kwa siku kwa kuoga, kupika na kuosha vyombo. Hizo ni lita 500 za maji yenye sabuni na mafuta kila siku, kwenye ardhi yenye mteremko. Ongeza choo cha gari, ambacho hutiwa dawa za kuua harufu, nyingine zenye formaldehaidi. Ukimwaga dawa hizo kwenye choo cha shimo cha mwenye uwanja, unaua vijidudu vinavyofanya kazi ya kuozesha uchafu. Ukizimwaga kwenye mfereji, unajua zinakokwenda.

Moshi, kinyume chake, ni mji wenye mamlaka ya majisafi na majitaka, wenye mtandao wa mabomba ya majitaka na mabwawa ya kusafishia huko Mabogini, na wenye magari ya kunyonya yanayofika hotelini na kwenye nyumba za wageni. Mwenye kambi mjini au kandokando ya barabara kuu anaweza kuchimba tangi la kutosha, kuhakikisha linanyonywa kwa ratiba na kuwalipisha wageni gharama hiyo. Mwenye kihamba cha robo hekta huko juu Kirua hawezi, hata awe na moyo mwema kiasi gani. Kipimo changu cha kwanza cha kambi ni hicho: muulize mwenye uwanja maji machafu yanakwenda wapi. Akikuonyesha bonde kwa kidole, washa gari uondoke.

Zipo hoja dhidi yangu, na baadhi zina nguvu. Inayosikika zaidi ni kwamba mgeni anataka kuuona mlima, na mjini atauona ukuta wa jirani. Kwa kweli anayetaka kuiona Kibo, kilele chenyewe, hana mahali pabaya pa kukaa kuliko ndani ya migomba ya Marangu au Machame. Mawingu hukusanyika juu ya ukanda wa msitu karibu kila siku, na aliye chini yake anaishi chini ya dari. Migomba na miti hufunga kilichobaki. Kibo huonekana vizuri kwa mbali, alfajiri na jioni: kutoka Moshi yenyewe, kutoka tambarare za Boma Ng'ombe, kutoka ukingo wa Ziwa Chala mpakani na Kenya, na kutoka mashamba ya Siha upande wa magharibi. Mlima wa ukubwa huu unahitaji nafasi mbele yake, na nafasi iko chini.

Hoja ya fedha ni ngumu zaidi. Mtu wa Marangu anaweza kuniuliza kwa nini nataka pesa za watalii ziishie mjini, wakati bei ya kahawa haitabiriki na vijana wanaondoka. Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba tuangalie gari linaacha nini pale linapolala. Linakuja na kitanda chake, jiko lake na chakula kilichonunuliwa dukani Nairobi au Arusha. Linalipa ada ya uwanja kwa mtu mmoja, na usiku linafunga mlango. Mgeni yule yule akiliacha gari chini na kupanda kwa miguu yake, hana jiko mgongoni. Atanunua ndizi na nyama, atalipia kuongozwa hadi maporomoko ya Kinukamori au Ndoro, atakaa uani kwa mkulima akitwanga na kukaanga kahawa aliyoichuma. Kijiji cha Materuni kimekwisha kulithibitisha hili. Wageni hupanda huko kutoka Moshi kwa magari madogo, hutembea hadi maporomoko, hula, hunywa kahawa, hulipa, na jioni hurudi mjini. Fedha zinagawanyika kwa waongozaji, wapishi, wakulima na madereva, na hakuna aliyelazimika kukata migomba kupata kiwanja cha kuegesha lori.

Wengine watasema kwamba malori ya saruji, mbao na ndizi hupanda na kushuka barabara hizi kila siku. Ni kweli, na madereva wake wanastahili heshima. Lakini lori la saruji linapanda, linashusha, linaondoka. Dereva wake anajua kila kona, na wenye barabara wanamjua. Halilali, halihitaji kusawazishwa kwa matofali chini ya magurudumu, halimwagi maji. Gari la kulala linafanya yote hayo, na mara nyingi dereva wake anaendesha upande wa kushoto wa barabara kwa mara ya kwanza maishani.

Hoja ya joto na mbu naikubali kwa sehemu. Moshi ni ya joto kati ya Desemba na Machi, na malaria hupatikana zaidi tambarare kuliko juu. Chandarua, dawa na feni hupunguza shida hiyo lakini hazileti ubaridi wa Marangu. Kwa hiyo sifungi mlango kabisa. Mahali ambapo uwanja uko kandokando ya lami kuu, umesawazishwa, una malango mapana na mfumo wa majitaka unaosimamiwa, gari linaweza kupanda hadi hapo na kusimama. Marangu Hotel, ambayo ilianzia kwenye shamba la walowezi mwanzoni mwa karne ya 20 na ina nyasi za kupigia kambi, ni mfano wa sehemu ya namna hiyo. Viwanja vya aina hiyo mlimani vinahesabika, na havigeuzi kanuni: lami kuu iwe ndiyo mwisho wa gari kubwa.

Haki inanidai niseme pia ubaya wa tambarare. Maeneo mengi kusini mwa barabara kuu yana udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi ni mgumu kama saruji na una nyufa. Mvua moja nzito ikinyesha, lori huzama hadi ekseli na hulitoi ila kwa trekta. Uwanja usiomwagwa changarawe usiufikirie kuanzia Machi. Chala ni pazuri ajabu, lakini ni ziwa la kasoko linalolishwa na maji ya chini ya ardhi, na yeyote anayelala ukingoni mwake abebe uchafu wake wote arudi nao Himo. Magharibi, kupita Sanya Juu kuelekea eneo la hifadhi ya jamii la Enduimet, kuna nafasi ya kutosha gari lolote, vumbi la kutosha pia, na tembo. Ushoroba wa Kitendeni unaounganisha msitu wa Kilimanjaro na Amboseli unapita huko, na tembo hupita usiku. Huko hulali popote upendapo. Unalala pale jumuiya ya hifadhi inapokuelekeza, na unailipa. Mjini nako kuna wiki za kuepuka, hasa wakati wa mbio za Kilimanjaro Marathon kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi, vyumba na viwanja vinapojaa.

Nchi zilizoanza zamani na magari haya zimefika pale pale ninapopasema. Katika Hifadhi ya Zion, jimbo la Utah, Marekani, tangu mwaka 2000 magari binafsi hayaingii bonde kuu katika msimu wa wageni wengi. Watu huyaacha chini, wengine katika mji wa Springdale, na kuingia kwa mabasi. Katika Hifadhi ya Glacier, Montana, barabara inayokatiza milima imekatazwa kwa miaka mingi kwa gari lenye urefu unaozidi mita 6.4 katika sehemu yake ya juu. Na hao walikuwa na bonde na milima isiyo na vihamba. Sisi tuna sababu zao zote, na juu yake tuna watu milioni na zaidi wanaoishi njiani.

Kinachokosekana Kilimanjaro ni viwanja vya chini vilivyojengwa kwa ajili ya kazi hii. Kati ya Himo na Moshi, kandokando ya barabara, kuna mashamba ya chini ya familia zenye vihamba juu, mahali ambapo kwa desturi zililima mahindi na maharage kwa sababu huko ndiko ardhi ilikokuwa pana. Ekari mbili za namna hiyo zinatosha. Zinahitaji kumwagwa kifusi na changarawe, lango la mita tano, geti lenye mlinzi wa usiku na daftari la kuandika gari linaloachwa siku sita, bomba la maji yenye mita, tangi la majitaka lenye mfuniko unaofikiwa na gari la kunyonya, soketi za umeme chini ya kibanda, na miti iliyopandwa leo kwa kivuli cha miaka kumi ijayo. Halmashauri inaweza kuweka masharti ya majitaka kwenye leseni kabla ya kiwanja cha kwanza kufunguliwa, wakati bado ni rahisi. Asubuhi mgeni atatoka getini, atasimama barabarani upande wa kushoto, na daladala ya Marangu itamkuta hapo akiwa na mkoba mdogo, Kibo ikiwa bado wazi kabla mawingu hayajapanda.